Bendera na Saini za Gofu Mtandaoni: Vipi Utaijua ya Kweli na ya Kughushi



Suali lililotufikia ni hili: familia moja ya hapa visiwani ina kijana wao Uingereza. Kijana anawaambia ndugu zake wachange fedha, yeye anunue mtandaoni bendera na mipira ya gofu yenye saini za wachezaji mashuhuri, kisha aviuze tena kwa faida. Wanauliza je, biashara hii inafaa, na vipi mtu aliye mbali atajua kuwa saini si ya kughushi?

Tutajibu yote mawili, lakini tutaanza na la pili, kwa sababu hukumu ya kitu hufuata kukijua. Na tunasema mapema kwamba wengi wetu hatuchezi gofu. Si lazima uucheze mchezo ndipo ulaghai wake ukupate, maana fedha inayochangwa hapa Unguja au Pemba ni ile ile ya ada za skuli na ya mchezo wa kutoleana kila mwezi.

Vitu vyenyewe ni vipi

Katika gofu kila shimo lina kijiti chenye bendera ndogo. Bendera za namna hiyo hutengenezwa pia za kuuzwa kama kumbukumbu ya mashindano, na mchezaji akiisaini, thamani yake hupanda mara nyingi. Zinazotafutwa kuliko zote ni za manjano za mashindano ya Masters, yanayochezwa katika klabu ya Augusta National, jimbo la Georgia, Marekani, tangu mwaka 1934. Kwa kawaida klabu hiyo huuza vitu vyake kwa watu waliofika uwanjani wakati wa mashindano, na hilo peke yake linatosha kuvifanya adimu. Baada ya bendera kuna mipira, kofia, glavu, picha, kadi za matokeo, fimbo za zamani, na juu ya vyote koti la kijani analovishwa mshindi wa Masters tangu mwaka 1949.

Msomaji akitaka kujua fedha iliyomo, ni hivi. Mwaka 1994 mtu mmoja alinunua koti la kijani la Augusta katika duka la nguo za mitumba mjini Toronto, Kanada, kwa dola 5. Mwaka 2017 koti lile liliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 139,000. Miaka minne kabla yake, koti la Horton Smith, aliyeshinda Masters ya kwanza, lilikwenda kwa zaidi ya dola 682,000. Khabari kama hizi ndizo zinazowatia watu tamaa, na palipo na tamaa ya mnunuzi ndipo mghushi hufungua duka lake.

Karatasi ya uthibitisho si ushahidi

Mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilifanya uchunguzi mkubwa ulioanzia San Diego na kuitwa Operation Bullpen. Walichokikuta ni mtandao wa watu waliogawana kazi kama karakana: mmoja anasaini, mwengine anatafuta mipira na picha za zamani, mwengine anachapisha hati za kuthibitisha kuwa saini ni ya kweli, na wengine wanauza. Makumi ya watu walipatikana na hatia. Miongoni mwa vitu vilivyokamatwa ilikuwamo mipira ya besiboli yenye saini ya Mother Teresa wa Calcutta. Yaani kulikuwa na watu tayari kuamini kwamba mtawa yule alikaa kusaini mipira, maadamu pana karatasi yenye muhuri inayosema hivyo.

Kisa hiki tumekitaja kwa ajili ya hati zile. Mnunuzi wa mbali akiambiwa "bendera ina hati yake", moyo hutulia. Lakini hati hiyo ni maneno ya muuzaji yule yule, ila yamechapwa. Aliyeweza kughushi saini ya mchezaji hashindwi kuchapa karatasi, na stika inayong'aa nayo huchapwa. Usiulize kama hati ipo. Uliza imetolewa na nani, na kama huyo aliyeitoa unaweza kumfikia wewe mwenyewe bila kupitia kwa muuzaji.

Yapo makampuni Marekani yanayokagua saini kwa ada, kama PSA, JSA na Beckett. Kitu wanachokikubali hukipa namba, na namba hiyo huweza kutafutwa katika tovuti ya kampuni. Fanya hivyo, na uandike anuani ya tovuti kwa mkono wako. Usibonye kiungo alichokutumia muuzaji, kwani tovuti nayo hughushiwa. Kisha usiridhike kuona namba ipo. Namba ya kweli huweza kunakiliwa ikabandikwa kwenye kitu chengine. Soma maelezo yaliyoandikwa chini ya namba: ni bendera au ni mpira? Ya mwaka gani? Saini ya nani? Kama pana picha, linganisha saini mstari kwa mstari na ile iliyo kwenye tangazo. Na ujue pia kwamba haya ni maoni ya wataalamu. Ni maoni yenye uzito, lakini hawakuwapo wakati kitu kinasainiwa.

Walio na nguvu zaidi ni wale waliokuwapo. Tiger Woods, ambaye saini yake hughushiwa sana, ana mkataba na kampuni ya Upper Deck tangu mwaka 2001: anasaini mbele ya watu wa kampuni, na kitu hubandikwa holograma yenye namba. Kwa hiyo ukiambiwa bendera ya Masters ya 2019, mwaka aliposhinda mara ya tano, imesainiwa na Tiger, na haina holograma ya Upper Deck, basi muuzaji ana mzigo mzito wa kukueleza saini ile ilipatikana wapi. Na kama anazo kumi na mbili za namna hiyo, tunaona hapana haja ya kusikiliza maelezo.

Uliza isnadi

Dhahabu ina jiwe lake. Sonara huisugua akajua. Karafuu utaitia mkononi, utaivunja, utajua kama imekauka. Saini haina jiwe. Kwa hiyo watu wa fani hii hutegemea jambo ambalo sisi tunalijua vizuri kwa njia nyengine: mlolongo wa waliokipokea kitu, mmoja kutoka kwa mwengine, hadi kufika kwa aliyesaini. Wanafunzi wa vyuo vyetu wataliita isnadi, na hatuoni neno linalofaa zaidi.

Basi muulize muuzaji kama unavyouliza juu ya mpokezi. Nani aliipata saini hii kwa mkono wake? Wapi, mwaka gani, katika mashindano yapi? Wewe umeipata kwake vipi? Ipo risiti, barua, picha ya siku ile? Majibu kama "ilikuwa ya mjomba wangu aliyefanya kazi uwanjani" yana mpokezi asiyejulikana katikati, na mlolongo wenye pengo hausimami. Muuzaji mkweli huwa na majibu mafupi yenye majina na tarehe, au husema wazi kuwa hajui na bei yake ikaonesha hivyo. Mwenye kughushi ana hadithi ndefu yenye kugusa moyo: marehemu, ugonjwa, haraka ya kuuza. Jihadhari na hadithi nzuri kuliko bendera yenyewe.

Mwambie pia apige picha mpya ya kitu hicho kikiwa kando ya karatasi aliyoandika jina lako na tarehe ya leo kwa mkono. Wapo wanaouza picha tu, waliyoiokota kwenye mnada wa mwaka juzi, na bendera yenyewe hawana.

Tarehe husema kweli

Sehemu hii tunaipenda, kwa sababu haihitaji utaalamu wa saini. Inahitaji subira na kujua miaka.

Payne Stewart alishinda US Open katika uwanja wa Pinehurst mwezi Juni 1999, akafariki kwa ajali ya ndege tarehe 25 Oktoba mwaka huo huo. Bendera ya mashindano yale yenye saini yake inawezekana kuwa ya kweli, ila ilisainiwa ndani ya kiasi cha miezi minne tu, na uchache huo ndio unaowavutia waghushi. US Open ilirudi Pinehurst mwaka 2005. Bendera ya 2005 yenye saini ya Payne Stewart haihitaji mtaalamu wala kioo cha kukuzia.

Bobby Jones, aliyeanzisha Masters pamoja na Clifford Roberts, alifariki Disemba 1971. Mwaka 1930 ndio mwaka wake mkubwa, na vitu vingi huuzwa kwa madai kwamba alivisaini wakati ule. Tazama wino. Kalamu za bik, zile zenye kijigololi nchani, zilianza kuuzwa madukani Marekani mwaka 1945. Kalamu za maka za Sharpie zilitoka mwaka 1964. Saini ya "mwaka 1930" iliyoandikwa kwa bik si ya mwaka 1930. Harry Vardon alifariki 1937, maka haikumkuta. Walter Hagen alifariki 1969. Alikutana nayo miaka mitano ya mwisho tu. Tena Jones aliugua maradhi ya uti wa mgongo yaliyomdhoofisha mikono, na saini zake za miaka ya mwisho zinaonesha hivyo. Saini yenye nguvu na mikunjo ya ujana kwenye kitu cha miaka ya 1960 inafaa kutiliwa shaka.

Vifaa navyo vina miaka yake. Mipira ya zamani kabisa ilikuwa ngozi iliyoshonwa na kujazwa manyoya ya ndege. Ile ya utomvu wa mti ilikuja kiasi cha mwaka 1848, na ya nyuzi za mpira mwishoni mwa karne ile. Fimbo zilikuwa na mipini ya mbao, na wasimamizi wa mchezo huko Uskochi, R&A, hawakuruhusu mipini ya chuma hadi mwaka 1929. Anayekuuzia fimbo yenye mpini wa chuma akasema ilishinda The Open ya mwaka 1921, amekupunguzia kazi ya kufikiri.

Kuhusu mkono wenyewe, tutasema machache. Mtu anayeandika jina lake huenda mbio: mstari unaanza mwembamba, unapita, unamalizika ukiwa bado unakwenda. Anayeiga huenda polepole, na uangalifu huo huonekana. Mstari una mtetemo, una vituo, wino umejikusanya pale kalamu ilipopumzika. Omba picha ya karibu. Arnold Palmer, aliyefariki 2016, alijulikana kwa kusaini jina lake lote kwa herufi zinazosomeka, na akiwahimiza vijana wafanye hivyo. Watu hudhani saini inayosomeka ni ngumu kuiga. Si lazima iwe hivyo, kwani kila herufi imewekwa wazi mbele ya mwigaji. Na ukiziona saini mbili zinazolingana kabisa, hata ukubwa, hata pembe, basi zimechapwa au zimeandikwa na mashine. Mkono wa binadamu haujirudii.

Ya kweli, lakini imeibiwa

Kuna jambo ambalo wanunuzi hulisahau wakishughulika na bandia. Mwaka 2024, mfanyakazi wa zamani wa ghala la Augusta National alikiri mahakamani mjini Chicago kuhusika na kusafirisha vitu vya thamani ya mamilioni ya dola vilivyoibiwa katika klabu hiyo kwa miaka mingi. Miongoni mwavyo lilikuwamo koti la kijani la Arnold Palmer la mwaka 1958. Vile vilikuwa vya kweli. Holograma, wino, tarehe, vyote vingekubali, na mnunuzi angebaki na mali ya wenyewe. Hapa tena ni isnadi tu inayosaidia: kimetokaje kwa mwenyewe hadi kufika kwa huyu anayekiuza?

Hukumu ya biashara hii

Mchezo wa gofu wenyewe hatujui katazo juu yake, ukiondoa kamari inayowekwa pembeni, na kumbukumbu zake ni mali kama mali nyengine. Kama ni busara kutoa maelfu ya pauni kwa kitambaa chenye jina la mtu, hilo kila mtu na nafsi yake na wanaomtegemea.

Kuuza cha kughushi ni haramu bila ya khitilafu. Neno letu la kughushi linatokana na ghishi ile ile ya vitabu vya fikihi, na kisa cha muuza nafaka wa Madina aliyeficha unyevu chini ya rundo kinajulikana na watoto wa chuoni.

Linalohitaji maelezo ni kununua usichokiona. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafi, nayo ndiyo iliyomo katika Minhaj ya Imamu Nawawi inayosomeshwa kwetu, ni kuwa kuuza kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona hakusihi. Wanavyuoni wa Kihanafi wamelikubali, wakampa mnunuzi khiyari ya kukirudisha atakapokiona. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wanaruhusu kununua mtandaoni kwa sifa zilizobainishwa. Wala bendera iliyosainiwa haiingii katika salam, kwani salam ni ya kitu cha sifa chenye mfano wake sokoni, na hii ni moja peke yake. Ushauri wetu kwa familia iliyouliza ni kutonunua chochote ila kwa muuzaji aliyekubali kwa maandishi kukirudisha baada ya kukaguliwa, na kama yuko mji mmoja na kijana, akione kwa macho kabla ya kulipa.

Ikiwa ilishartiwa kuwa saini ni ya fulani, kisha ikabainika siyo, mnunuzi ana khiyari ya kurudisha na kuchukua fedha yake. Lakini katika madhehebu yetu khiyari hii ni ya papo kwa papo: ukishajua, rudisha bila ya kuchelewa kwa kadiri ya ada ilivyo. Ukiendelea kuitundika ukutani au kuitangaza kwa kuuza, umeiridhia.

Katika minada ya mtandaoni pana balaa jengine, nalo ni muuzaji au rafiki yake kupandisha bei kwa jina la uongo bila ya nia ya kununua. Hii ndiyo najshi, na ni haramu. Nyumba moja ya mnada wa kumbukumbu za michezo karibu na Chicago ilifikishwa mahakamani kwa mchezo huo huo, na mkuu wake akafungwa. Msomaji azingatie kwamba kwa kauli iliyo sahihi zaidi kwa Mashafi, aliyedanganywa kwa najshi hana khiyari, kwa sababu alizembea hakuwauliza wajuzi wa bei. Basi weka kikomo chako kabla mnada haujaanza, na uangalie bei zilizolipwa kweli katika mauzo yaliyopita, si bei zinazotajwa katika matangazo.

Ama kilichoibiwa, mauzo yake ni batili. Kinarudi kwa mwenyewe, na mnunuzi humdai aliyemuuzia.

Limebaki lililo zito kwa familia hii, maana wao wanataka kuuza tena. Ukiisha nunua bendera ukagundua ni bandia, na muuzaji ametoweka, nafsi itakwambia uirudishe sokoni "kama nilivyoipata". Haijuzu. Kusema "sina dhamana nayo" hali unajua kasoro yake hakukutoi katika ghishi, kwani ni wajibu kubainisha aibu unayoijua, na wanavyuoni wamelifanya hilo wajibu hata kwa mtu wa pembeni anayeijua. Unaweza kuiuza kwa kusema waziwazi kuwa saini si ya kweli, kwa bei ya kitambaa, na ukaandika hivyo juu ya kitu chenyewe kwa wino usiofutika ili asije wa baada yako akadanganya kwacho. Hasara itakuwa ya kwenu, na wanaochanga fedha wajue hilo kabla ya kutoa shilingi ya kwanza. Na Allah ni Mjuzi zaidi.

Fedha ilipwe vipi

Kwa kijana aliye Uingereza: kanuni za mwaka 2013 zinampa mnunuzi wa mbali siku 14 za kubadili nia baada ya kupokea kitu, lakini ni kwa aliyenunua kwa mfanyabiashara, si kwa mtu binafsi anayeuza cha nyumbani kwake. Ndiyo maana walaghai hupenda kujiita watu binafsi. Akinunua kupitia eBay, dhamana ya kurudishiwa fedha kwa kitu kisicholingana na maelezo huwa ni siku 30. Akilipa kwa PayPal kwa njia ya bidhaa na huduma, ana siku 180 za kufungua malalamiko. Lakini muuzaji akimwambia alipe kwa njia ya "marafiki na familia" ili kuokoa ada, ajue kinga yote imeondoka. Na fedha iliyotumwa moja kwa moja benki au kwa simu, ikishafika huwa ni vigumu kuirudisha.

Kitu kikifika, afungue kifurushi huku akirekodi kwa simu, atunze bahasha, tangazo lilivyokuwa siku ya kununua, na mazungumzo yote na muuzaji. Na apeleke kitu kukaguliwa mapema ndani ya siku hizo 30, kwani ukaguzi nao huchukua wiki, na jibu likija siku ya 31 mlango wa eBay umeshafungwa.